Mikono ya Mama Mikia

Ukipita jioni nyuma ya saluni ile yenye mlango wa bluu, dirishani utaona mikono tu. Inapanda yote pamoja, inashuka yote pamoja, inapangusa mabega, kisha inatupa nje kitu kisichoonekana. Mgeni hudhani ni kwaya iliyopotewa na sauti. Wenyeji hawageuzi hata shingo. Wanajua kwamba kile ni Kiingereza.

Mwalimu wao ni mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, anayeitwa Mama Mikia. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila darasa jipya linapoanza husimama mbele ya ubao wake, ambao zamani ulikuwa mlango wa kabati, akasema maneno yaleyale.

"Mwenye lugha hii ni mvivu wa vitenzi. Ana 'get', ana 'put', ana 'look', ana 'turn', na vingine vichache vya kubebea mizigo. Lakini kila kimoja amekifunga mikia. Ukikamata kichwa ukaacha mkia, umekamata hewa. 'Look' ni kutazama, sawa? 'Look for', unatafuta. 'Look after', unatunza. 'Look down on', unadharau. Jicho ni lilelile, ila mkia umelipeleka safari nyingine."

Siku moja msusi wa saluni ya mbele, ambaye alijiunga na darasa kwa sababu ukuta ni mwembamba na alikuwa anasoma bila kupenda, aliuliza, "Sasa Mwalimu, kwa nini wasiseme tu wanachotaka kusema?"

"Na wewe mbona unapiga simu? Simu imekukosea nini?"

Darasa likacheka.

"Mnacheka? Mnapiga pasi, mnapiga mswaki, mnapiga deki, mnapiga picha na watoto wenu, na sijasikia mtu amekwenda polisi kushtaki. Kila lugha ina wazimu wake. Wetu tumelala nao kitanda kimoja, ndiyo maana hatuusikii ukikoroma."

Kisha hufundisha mikia, na mikia haifundishwi kwa mdomo peke yake. 'Up', kiganja kinapanda. 'Down', kinashuka. 'Off', unapangusa bega kama unaondoa vumbi. 'Out', unatupa dirishani. 'Back', dole gumba linaonyesha nyuma ya bega. 'After', vidole viwili vinakimbiza vingine viwili hewani. 'On', kiganja kinatua juu ya ngumi na kukaa. 'Over', mkono mzima unaruka kama unavuka ukuta wa jirani. Na 'through', mkono unasukumwa mbele polepole, kama mtu anayechomeka waya ukutani.

Huo wa mwisho ndio uliozaa mingine yote.

Ujana wake, Mama Mikia alikuwa opereta wa simu katika idara ya maji. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, mbele ya ubao wenye matundu, masikio yamefunikwa, waya mkononi. Kila raia ambaye bomba lake lilikauka alipita kwanza kwenye vidole vyake. "Hold on, please," alisema, na mkono ukasimama hewani. "I'm putting you through," na waya ukaingia tunduni. "We were cut off." "He will call you back." Hakuna aliyewahi kupigiwa tena, wala maji hayakutoka, lakini watu waliweka simu chini wakiwa wameridhika kabisa, maana walikuwa wamejibiwa kwa Kiingereza.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja wa kiume na hana mume tena, kwa kuwa mume alitangulia mapema, mtoto akiwa bado anafungiwa viatu. Jioni, mama na mtoto walikula wakisemeshana maneno ya kazini. "Eat up," mkono ukapanda. "Sit down," mkono ukashuka. Mtoto hakujua kwamba Kiingereza kina njia nyingine ya kutoka mwilini. Alidhani ndivyo kilivyo, kama kuogelea.

Halafu ikaja mashine. Ilikuwa ndogo kuliko chombo cha chakula cha mchana, ikakaa kwenye kona, ikaanza kuwaambia raia wabonyeze moja, wabonyeze mbili. Mama akapewa saa ya ukutani na makofi mengi. Kiti cha kuzunguka alikichukua mkuu wa stoo. Mikono ikarudi nyumbani haina kazi, na kwa muda mrefu iliendelea kuchomeka nyaya hewani, mama akiwa anasubiri chai ichemke, au amekaa tu barazani akitazama watu wanaopita. Ndipo jirani akamwomba amfundishe sentensi chache za kuombea kazi. Jirani akaleta shemeji yake. Shemeji akaleta viti.

Sifa za darasa zilienea haraka, na hasara zake pia. Fundi friji, mwanafunzi wa siku nyingi, alikuwa juu ya ngazi nyumbani kwa mteja. Mteja akamwita kutoka chini, naye akajibu kwa adabu, "Hold on!" Neno hilo lina mikono miwili. Aliiachia ngazi kwa mikono yote miwili ili aseme vizuri, akatua juu ya magunia ya mkaa, akashukuru. Wateja wa msusi walijifunza kuinamisha kichwa kila walipomwona anatafuta sentensi, kwa sababu mkasi ulikuwa unashiriki mazungumzo.

Na yule mtoto? Yule mtoto alikua, akasoma, akawa msimamizi wa madirisha yote ya benki kubwa. Kiingereza chake kilitoka kimenyooka kama suruali yake, na alikizungumza mikono ikiwa mfukoni. Daima mfukoni. Wakubwa walimtazama na kuambizana, "Ona utulivu ule. Yule ana madaraka ndani yake." Wakampandisha cheo. Wafanyakazi wenzake wakampa jina: Bwana Mifuko. Fundi wake wa nguo tu ndiye aliyeshangaa kwa nini mifuko ya mtu mtulivu kiasi kile inachanika kwa ndani. Mtu mwingine angetazama vizuri angeona kwamba, kila sentensi ilipotoka mdomoni, kitu kilikuwa kinahangaika ndani ya kitambaa kama kifaranga kwenye kapu.

Alikuwa amejifunza kuificha mikono. Hakuwa amejifunza kuiacha.

Tatizo lilianza ng'ambo ya barabara. Palifunguliwa akademia ya lugha yenye vioo vyeusi na kiyoyozi, ambako wanafunzi huvaa visikilizio na kurudia "Good morning" mpaka mashine iridhike. Madirisha yake yanatazamana na dirisha la Mama Mikia. Haukupita muda, wanafunzi wa akademia wakaanza kupandisha viganja. Mmoja alipangusa bega mbele ya mgeni rasmi. Mkurugenzi akavuta pazia, akalalamika kwa idara ya elimu kwamba kuna mama anaharibu Kiingereza cha watu kupitia dirishani.

Idara ikasema itatuma mkaguzi. Mkaguzi akiridhika, darasa liendelee. Asiporidhika, lifungwe siku hiyohiyo.

Mwanawe alipopata habari alikuja bila kuvua koti.

"Mama, funga mwenyewe kabla hawajafunga wao. Chumba kipo nyumbani."

"Kile chenye meza ya pasi?"

"Tutaitoa meza ya pasi."

"Mkiitoa mtaniweka mimi mahali pake."

"Mama, jamani. Mke wangu anakupenda."

"Ananipenda sana. Kila saa ananiuliza kama nimekula."

"Kuna ubaya gani kuulizwa kama umekula?"

"Hakuna ubaya, mwanangu. Ila hapa naulizwa vitu vingine." Akamtazama mifukoni. "Unaogopa nini hasa? Niambie mimi."

"Unajua wananiitaje kazini?"

"Bwana Mifuko. Msusi aliniambia."

"Wakijua sababu..."

Mfuko wa kulia ulitikisika kidogo, ukatulia.

"Basi siku hiyo ya mkaguzi nitakuja na gari," akasema. "Nitaleta na maboksi."

Mama akajibu tu, "Lete. Viti havitoshi."

Mkaguzi alikuwa mtu mwenye tai pana na leso kubwa. Kabla ya kukaa alikifuta kiti kwa leso, mbele, nyuma, na miguuni, ingawa hakuna mtu anayekalia miguu ya kiti. Kisha akatazama ule mlango wa kabati ulioandikwa chaki.

"Mama, endelea kama kawaida. Mimi nitafanya kama sipo."

Mama Mikia akaendelea kama kawaida. Akataja "turn", na darasa likajibu kwa mwili mzima: turn up, turn down, turn off, turn back, turn over. Mabega yalipanguswa kwa bidii kuliko siku zote, maana kila mmoja alijua kilichopo mezani. Fundi friji alivuka ukuta wa jirani kwa nguvu mpaka tai ya mkaguzi ikapeperuka.

"Simameni! Yaani, kaeni!" Mkaguzi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Mama, nini hiki?"

"Mikia, Bwana Mkaguzi."

"Lugha inakaa mdomoni. Haikai kwenye viwiko."

"Mdomoni inatokea. Inakokaa sijui, ila hawa wameipata hapa." Akanyoosha viganja vyake.

"Tutaona. Wote, kalieni mikono yenu."

Wakatazamana. Mwalimu akainamisha kichwa kuwaruhusu. Kila mmoja akaisukuma mikono chini ya mapaja, wakakaa wamenyooka kama mizigo iliyofungwa kamba. Hata saa ya idara ya maji ilisikika.

Mkaguzi akamgeukia msusi. "What do you do every morning?"

Msusi alikuwa anaijua sentensi hiyo kuliko jina la mama mkwe wake. "I get..." alianza. Bega likapanda.

"No shoulders."

"I get..." Nyusi zikapanda. Mkaguzi akatikisa kidole. Msusi akafumba macho, akafumba na mdomo, machozi yakaanza kumlengalenga.

Akamgeukia mlinzi, mwanamume mpana mwenye sare, aliyekuja moja kwa moja kutoka lango la kampuni. "You see a thief. What do you do?"

Mlinzi alikuwa na jibu. 'Run after', vidole viwili vinakimbiza viwili. Alikuwa ameifanyia mazoezi lindoni hadi wezi wenyewe wangeielewa. Lakini vidole vilikuwa vimelaliwa.

"I run," akasema.

"You run?"

"I run, sir."

"Where?"

Mlinzi akatazama mapaja yake kwa majonzi. Kisha akakaza sauti, akaona afadhali alitetee alilo nalo. "I run very fast."

Mkaguzi akamtazama Mama Mikia. "Huyu analinda wapi? Nijue nisipeleke gari langu."

Hakuna aliyecheka. Fundi friji alipoulizwa hali ya friji alisema "It broke," akakwama, akaongeza kwa Kiswahili kwamba iliyobaki ameikalia. Mkaguzi akafunga kalamu yake.

"Mama, nimesikitika. Sikutaka iwe hivi. Wanafunzi wako wana nusu ya kila sentensi. Idara haiwezi kusajili nusu. Kuanzia leo darasa lifungwe."

Mama Mikia alichukua kitambaa, akaanza kufuta mlango wa kabati kutoka juu kuja chini, neno kwa neno. Alipomaliza akakaa kwenye kiti cha mbele, akaiweka mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine. Wanafunzi walikuwa hawajawahi kuiona imelala. Ilikuwa midogo kuliko walivyodhani, na yenye mishipa, kama majani makavu yaliyookotwa na kuwekwa mahali pasipo na upepo.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu, maboksi miguuni, mikono mfukoni. Mkaguzi alipogeuka kutoka ndipo akamwona, na uso ukamchanua, kwa sababu akiba yake ilikuwa kwenye benki ileile, na mtu hukutana na benki yake kwa heshima. Akabadili lugha papo hapo.

"Ah, my manager! What brings you here?"

"She is my mother, sir."

"Your mother? This lady?"

"Yes, sir. She brought me..." Akakwama.

Mkaguzi akasubiri kwa adabu. "She brought you where?"

Mfuko wa kulia ukahangaika. Mlinzi, ambaye alilitambua swali lile, akainamisha kichwa kwa huruma. Mwana akajaribu tena, kwa ile sauti tulivu iliyompandisha cheo. "She brought me..."

Alikuwa amesema mengi mikono ikiwa mfukoni. Amewaeleza watu wazima kwa nini benki imewakatalia, amewasifu wakubwa, amefungua mikutano na kuifunga. Sentensi hii hakuwahi kuihitaji huko. Alikuwa hajui kuisema bila mkono. Akamtazama mama yake, aliyekuwa anatazama sakafu, akitunza heshima ya mwanawe hata hapo.

Akatoa mikono.

Aliinama, akaweka kiganja usawa wa goti, pale anapofikia mtoto anayefungiwa viatu. Kisha akakipandisha taratibu, gotini, kiunoni, kifuani, mpaka kikapita bega.

"She brought me up," akasema.

Hakuna aliyewaamuru wanafunzi. Mikono ilitoka yenyewe chini ya mapaja, ikiwa na ganzi, ikapanda naye. Na mwana akawa hawezi tena kujizuia, kwa sababu jambo lililofungiwa miaka yote hiyo halitoki kwa foleni. "My father passed away," na mkono ukaenda polepole kuelekea dirishani. "She carried on." Kiganja kikatua juu ya ngumi, kikakaa. "They took away her job. She never gave up. I am the one..." Hapo dole gumba likaonyesha nyuma ya bega, kwa aibu. "I turned back."

Mama Mikia alikuwa ameinua uso. Vidole vyake mapajani vilikuwa vinamfuata, kidogo tu, kama mtu anayesoma bila kutoa sauti.

Mkaguzi alivua miwani. Akaifuta kwa leso ileile aliyofutia kiti, akaivaa, akawa haoni kabisa, akaivua tena.

"Idara haina kifungu cha jambo hili," akasema mwishowe, kwa Kiswahili, akitafuta sauti yake ya ofisini. "Lugha ya viziwi ina kifungu chake, na hii siyo. Lugha za kusema zina kifungu, na hawa hawasemi mpaka wapunge. Siwezi kuandika nilichokiona. Nikikiandika nitapelekwa hospitali." Akawaza. "Mama, hii mikono huwa mnainyoosha?"

"Tunainyoosha."

"Mpaka mwisho?"

"'Out' tunainyoosha mpaka nje ya dirisha."

"Jasho linatoka?"

"Kwenye 'over'," akadakia fundi friji. "Kwenye 'over' linatoka sana, mheshimiwa."

"Basi haya ni mazoezi ya viungo. Mazoezi ya viungo yana kifungu, na hayamhusu jirani yeyote wa akademia. Mkivuta pumzi mkazitoa kwa Kiingereza, hizo ni pumzi zenu." Akafika mlangoni, akageuka kwa msusi. "What do you do every morning?"

"I get up!" akapiga kelele msusi, na kiganja kikagonga balbu.

Sasa kwenye mlango wa nyuma ya saluni pameandikwa kwa rangi nyekundu: Mazoezi ya Viungo, Watu Wazima, Karibuni. Wanakuja akina mama wanaotaka kupunguza kiuno; kiuno hakipungui, lakini wanaondoka wakijua kutofautisha 'put on' na 'put off'. Ng'ambo ya barabara akademia nayo imeongeza somo la kunyoosha viungo, kwa ada ya juu zaidi, mikono ikitazama pazia. Maboksi ya mwana hayakurudi nyumbani. Yalikaliwa siku hiyohiyo.

Benki, mambo hayakuwa mazuri kiasi hicho. Siku ya kwanza msimamizi alipozungumza mikono ikiwa nje, wakubwa walinong'onezana kwamba labda anaumwa. Cheo kilichokuwa njiani kikasimama njiani. Wanasema siku hizi anaonekana kama mtu wa kawaida tu. Ila watu wanaopanga foleni madirishani, ambao kwa miaka walikuwa wanaitikia "yes, yes" bila kuelewa, wameanza kumuuliza maswali, naye anawajibu huku mkono ukipanda na kushuka, na wanaondoka wakijua kama pesa yao inaingia au inatoka.

Jioni nyingine hupita darasani akitoka kazini. Mama hamwonei haya. Humsimamisha mbele kama mwanafunzi mwingine yeyote na kumwambia arudie ile sentensi yake. Anairudia, mkono unapanda mpaka begani.

"Fupi," mama anasema. "Mimi sikuishia hapo. Nilikufikisha mpaka hapa."

Anainua mkono wake kumwonyesha, akisimama kwa ncha za vidole. Haufiki. Mwana anapinda magoti kidogo, ili ufike.